Pierre Fauchard

Pierre Fauchard (takriban 1678 – Paris, Machi 1761) alikuwa daktari wa meno kutoka nchini Ufaransa. Anajulikana kama baba wa udaktari wa meno wa kisasa kutokana na kitabu chake Le Chirurgien Dentiste (yaani Mpasuaji wa Meno), kilichotolewa mjini Paris mwaka 1728.

Kabla yake, watu wengi wa Ulaya walimjua mtu wa meno kuwa mng'oaji tu. Fauchard alifundisha kwamba jino lililoharibika lichunguzwe kwanza, lizibwe kama linaweza kubaki, na ling'olewe pale tu ambapo kubaki kwake kunaleta madhara makubwa kuliko kutoka kwake. Swali hilo la kuziba au kung'oa bado linawakabili wagonjwa na madaktari hadi leo, hasa kuhusu gego la mwisho, yaani lile linaloota ukubwani nyuma kabisa ya kinywa.

Maisha ya awali

Fauchard alizaliwa magharibi mwa Ufaransa katika familia ya hali ya kawaida. Mwaka 1693, akiwa na umri wa miaka 15 hivi, alijiunga na jeshi la majini la mfalme Louis XIV. Huko alipata mwalimu, Alexandre Poteleret, daktari mpasuaji wa meli za mfalme, ambaye alikuwa ametumia muda mrefu kuchunguza magonjwa ya meno na kinywa.

Meli za wakati huo zilikuwa shule ngumu kwa kijana wa tiba. Mabaharia walikaa baharini kwa miezi mingi bila matunda wala mboga mbichi, na wengi walipatwa na kiseyeye. Mgonjwa wa kiseyeye huvimba fizi, hutoka damu kinywani, na meno yake hulegea hadi kudondoka yenyewe hata kama hayajaoza. Leo inajulikana kwamba ugonjwa huo unatokana na ukosefu wa vitamini C, lakini wakati huo chanzo chake hakikufahamika. Poteleret alimhimiza mwanafunzi wake asome maandishi ya waliotangulia na kuyapima kwa yale aliyoyaona mwenyewe kwa wagonjwa. Tabia hiyo ya kutazama kwanza na kuamua baadaye ilibaki naye maisha yake yote.

Baada ya miaka michache aliacha utumishi wa majini, na tangu karibu na mwaka 1696 alifanya kazi katika mji wa Angers. Huko alianza kujiita chirurgien dentiste. Jina hilo lilikuwa geni. Mpasuaji alikuwa mtu wa elimu na mng'oaji wa meno alikuwa mtu wa sokoni, na Fauchard aliunganisha kazi hizo mbili katika jina moja. Kutoka Angers alisafiri kutibu wagonjwa katika miji mingine ya magharibi kama Nantes, Rennes na Tours.

Hali ya tiba ya meno wakati wake

Ili kuelewa mabadiliko aliyoyaleta, ni lazima kujua mgonjwa wa jino alikwenda wapi wakati huo. Aliweza kwenda kwa kinyozi, kwa mhunzi, au kwa mng'oaji aliyezunguka kwenye masoko na magulio. Mjini Paris, maarufu kuliko wote alikuwa mtu aliyejulikana kama Le Grand Thomas, aliyefanya kazi kwenye daraja la Pont Neuf mbele ya umati wa watazamaji. Mgonjwa alikalishwa chini, kichwa chake kikabanwa, na jino likang'olewa kwa nguvu. Dawa ya ganzi haikuwepo. Mara nyingine jino lilivunjika na mizizi ikabaki ndani, au jino zima la jirani likatoka pamoja nalo, au mfupa wa taya ukapasuka.

Mwaka 1699 serikali ya Ufaransa ilitoa amri iliyowataka wanaotibu meno mjini Paris wafanye mtihani na kutambuliwa kama wataalamu wa meno. Hiyo ilikuwa hatua mbele, lakini hapakuwa na kitabu kamili cha kufundishia. Kila fundi aliificha elimu yake kama siri ya nyumbani na kumrithisha mwanawe au mwanafunzi wake mmoja tu.

Kulikuwa pia na imani ya kale sana, iliyoenea kuanzia Babeli hadi Ulaya, kwamba jino huliwa na funza anayekaa ndani yake. Wadanganyifu wengi waliishi kwa imani hiyo: walimfukiza mgonjwa moshi wa dawa, kisha wakamwonyesha kijidudu walichokuwa nacho tangu mwanzo wakidai kimetoka jinoni. Imani ya mdudu wa jino inajulikana pia katika sehemu nyingi za Afrika ya Mashariki.

Kuhamia Paris na kuandika kitabu

Karibu na mwaka 1718 Fauchard alihamia Paris. Alisoma vitabu vilivyopatikana, akaona kwamba elimu ya meno ilikuwa imetawanyika na mara nyingi haikukubaliana na yale aliyoyaona kwa wagonjwa. Akaanza kuandika mwenyewe. Mswada ulikamilika mwaka 1723, lakini hakuutoa mara moja. Kwa miaka kadhaa aliwapa madaktari na wapasuaji wa Paris wausome na kuukosoa, na ndipo ukachapishwa mwaka 1728 katika juzuu mbili zenye kurasa zaidi ya 700 na michoro mingi ya vifaa.

Kitabu kinaeleza umbo la meno, jinsi yanavyoota, magonjwa yake, namna ya kuziba, kusafisha, kunyoosha, kukaza na kung'oa, pamoja na utengenezaji wa meno ya bandia. Fauchard aliorodhesha magonjwa 103 ya meno, akayagawa kulingana na vyanzo vyake. Alieleza pia mifano ya wagonjwa aliowatibu, ili msomaji aone jinsi uamuzi ulivyofikiwa.

Kwa kuchapisha kitabu hicho alivunja desturi ya usiri, kwani yeyote aliyejua kusoma Kifaransa aliweza sasa kujifunza. Pia alifichua hila za matapeli, wakiwemo waliosafisha meno kwa asidi kali. Meno yalionekana meupe kwa siku chache, kisha yakaharibika moja kwa moja, kwa sababu enameli iliyoliwa na asidi hairudi.

Mafundisho yake

Chanzo cha kuoza

Fauchard alitumia hadubini kumtafuta funza wa jino katika meno yaliyooza na katika ukoga, lakini hakumwona. Alieleza kwamba hata kama wadudu hao wangekuwepo, wasingekuwa chanzo cha kuoza. Badala yake aliwaonya watu dhidi ya sukari na vyakula vitamu, akisema vinaharibu meno. Onyo hilo lilikuja wakati sukari kutoka mashamba ya watumwa ya visiwa vya Karibi ilikuwa ikizidi kuingia Ulaya, na kuoza kwa meno kulikuwa kukienea pamoja nayo.

Kuziba

Hatua ya kwanza ilikuwa kumkalisha mgonjwa vizuri. Fauchard alikataa desturi ya kumkalisha mgonjwa sakafuni. Alitaka akae kwenye kiti imara chenye mikono, penye mwanga wa kutosha, naye daktari asimame upande wa kulia. Mgonjwa aliyetulia huweza kuchunguzwa, na daktari anayeona vizuri huweza kuamua.

Baada ya kuchunguza, aliondoa sehemu iliyooza kwa vifaa vidogo vya mkono. Alitumia pia tupa ndogo, na keekee iliyozungushwa kwa uzi wa utumbo uliofungwa kwenye uta, kama keekee ya seremala wa pwani. Vifaa vingi vya kazi yake vilifanana na vile vya mafundi wa saa na masonara.

Tundu likiwa dogo na lisilo na maumivu, alilijaza kwa bati, risasi au dhahabu. Alipendelea bati, kwa kuwa ni laini, hukandamizika vizuri na bei yake ni nafuu kuliko dhahabu. Tundu likiwa refu na lenye maumivu, hakuliziba siku hiyo hiyo. Aliweka kwanza pamba iliyochovywa katika mafuta ya karafuu au ya mdalasini, akaibadilisha mara kwa mara kwa muda, na kuziba baadaye maumivu yalipotulia. Usaha ulipokuwa umekusanyika ndani ya jino, alilitoboa ili utoke. Kazi hiyo inahesabiwa kuwa miongoni mwa hatua za mwanzo za tiba ya mzizi inayofanyika leo.

Kung'oa

Fauchard hakuwa mpinzani wa kung'oa. Alieleza kwa kirefu vifaa vya kazi hiyo: kisu cha kutenganisha fizi, kifaa cha kusukuma, koleo, wenzo, na chombo kilichoitwa pelikani kwa sababu kilifanana na mdomo wa ndege huyo. Alijua kwamba jino lisilotibika linaweza kuleta majipu, kutoboa mfupa na kuhatarisha maisha. Tofauti yake na wang'oaji wa sokoni ni kwamba kwake koleo lilikuwa jibu la mwisho, baada ya majibu mengine kushindikana.

Alifanya pia jambo lililowashangaza wengi: jino lililong'olewa kimakosa, au lililotolewa na kukutwa bado zima, alilirudisha katika shimo lake na kulifunga kwa uzi kwenye meno ya jirani mpaka likashika.

Kunyoosha na meno ya bandia

Kwa meno yaliyopinda alitumia nyuzi na ukanda mwembamba wa madini uliotobolewa, ambao ulivuta meno taratibu hadi mahali pake. Chombo hicho ni babu wa waya za kunyoosha meno za leo. Kwa vibogoyo alitengeneza meno ya bandia kwa mifupa na pembe, yakiwemo meno ya kiboko, na seti ya juu aliishikilia kwa springi za chuma.

Makosa yake

Mafundisho ya Fauchard hayakuwa sahihi yote. Kama madaktari wengi wa wakati wake, aliendelea kuamini kwamba magonjwa mengine ya meno yanatokana na kuchafuka kwa majimaji ya mwili. Aliwashauri baadhi ya wagonjwa wasukutue kinywa kwa mkojo wao wenyewe. Hakuuthamini mswaki wa nywele za farasi, akaona sifongo inafaa zaidi.

Jambo zito zaidi ni kwamba alihamisha meno kutoka kinywa cha mtu mmoja kwenda kwa mwingine. Baadaye katika karne hiyo desturi hiyo ilikua kuwa biashara barani Ulaya, ambapo maskini waliuza meno yao mazima ili yapandikizwe katika vinywa vya matajiri. Mengi hayakudumu, na mengine yalibeba magonjwa. Hivyo elimu iliyokusudiwa kuokoa meno iligeuka kwa baadhi ya watu kuwa sababu ya kuyapoteza.

Tiba yake yenyewe pia haikumfikia kila mtu. Kuziba kulihitaji fundi stadi, muda na ziara kadhaa, na wateja wake wengi walikuwa watu wenye uwezo. Maskini wa Paris waliendelea kwenda darajani.

Familia na miaka ya mwisho

Kazi ilimpatia Fauchard heshima na mali. Mwaka 1734 alinunua jumba la Grand-Mesnil, kusini-magharibi mwa Paris. Mtoto wake wa kiume, Jean-Baptiste, hakufuata kazi ya baba yake. Alikuwa mwigizaji mashuhuri katika jumba la maonyesho la Comédie-Française, akijulikana kwa jina la Grandmesnil, lililotokana na jumba hilo.

Mwaka 1746 Fauchard alitoa toleo la pili la kitabu chake, lililosahihishwa na kuongezwa. Alifariki mjini Paris mwezi Machi 1761. Toleo la tatu lilichapishwa mwaka 1786, miaka 25 baada ya kifo chake.

Urithi

Kitabu cha Fauchard kilitafsiriwa kwa Kijerumani mwaka 1733. Tafsiri kamili ya Kiingereza ilichelewa hadi mwaka 1946, ilipotolewa na Lilian Lindsay, mwanamke wa kwanza kufuzu udaktari wa meno nchini Uingereza. Mwaka 1936 jumuiya ya kimataifa ya madaktari wa meno ilianzishwa nchini Marekani na kupewa jina la Pierre Fauchard.

Mambo makuu matatu aliyokosa Fauchard yalipatikana katika karne ya 19. La kwanza ni dawa ya kuondoa maumivu: madaktari wa meno Horace Wells mwaka 1844 na William Morton mwaka 1846, wote wa Marekani, walionyesha matumizi ya gesi na etha. La pili ni kufahamu chanzo cha kuoza: mwaka 1890 Willoughby Miller, aliyefanya kazi mjini Berlin, alieleza kwamba bakteria wa kinywani hugeuza sukari kuwa asidi, na asidi hiyo hula jino. Fauchard alikuwa ameikaribia kweli kwa kuilaumu sukari, ila hakumjua mdudu halisi. La tatu ni picha za eksirei, zilizogunduliwa na Wilhelm Röntgen mwaka 1895, ambazo humwezesha daktari kuona mizizi na mfupa kabla ya kugusa jino.

Kuziba au kung'oa gego la mwisho

Gego la mwisho ndilo jino ambalo swali la Fauchard huulizwa kwa ugumu zaidi. Kwa kawaida huota kati ya miaka 17 na 25, wakati taya mara nyingi limekwisha kujaa. Baadhi ya watu hupata yote manne, wengine hayaoti kabisa. Likikosa nafasi huota kwa kulala, au hutokeza nusu na nusu nyingine kubaki chini ya fizi. Chakula hunasa hapo, mswaki haufiki vizuri, na hivyo jino huoza au fizi inayolifunika huvimba.

Gego hilo likiharibika, daktari hupima mambo kadhaa:

- Uharibifu umefika wapi. Tundu lililo katika enameli na tabaka la chini yake linaweza kuzibwa. Likifika kwenye kiini chenye mishipa, inahitajika tiba ya mzizi, ambayo ni ngumu katika gego la mwisho kwa kuwa mizizi yake mara nyingi imepinda na mahali pake ni vigumu kufikika.
- Jino limesimama vipi. Gego lililosimama wima, lililotoka lote na linalokutana na mwenzake wakati wa kutafuna, lina sababu ya kuokolewa. Lililolala na lisilokutana na jino jingine halimsaidii mwenyewe katika kutafuna.
- Hali ya jirani yake. Gego la mwisho lililolala linaweza kusababisha kuoza kwa gego la pili, ambalo lina thamani kubwa zaidi kinywani.
- Meno mengine yaliyobaki. Mtu aliyekwisha kupoteza magego mengine anaweza kulihitaji hilo la mwisho ili kushikilia jino la bandia.
- Maambukizi. Fizi ikivimba mara kwa mara, au jipu likitokea, kung'oa huwa salama zaidi kuliko kungoja.
- Hatari ya kung'oa kwenyewe. Gego la chini liko karibu na mshipa wa fahamu unaopita ndani ya taya. Mshipa huo ukijeruhiwa, mdomo wa chini na kidevu vinaweza kubaki na ganzi, kwa muda au moja kwa moja.

Wakati fulani katika karne ya 20 ilikuwa kawaida katika nchi tajiri kung'oa magego ya mwisho ya vijana hata kabla hayajauma. Mwaka 2000 taasisi ya Uingereza inayotoa miongozo ya tiba ilishauri kwamba gego la mwisho lililozibwa njia ya kuota lakini lisilo na ugonjwa lisiondolewe, na kwamba upasuaji ufanyike pale penye ugonjwa, kwa mfano kuoza kusikoweza kuzibwa, jipu, au uvimbe wa fizi unaojirudia. Kwa namna fulani mwongozo huo uliirudia kanuni ya Fauchard: jino lisiondolewe bila sababu iliyochunguzwa.

Upande wa pili wa kanuni hiyo ni muhimu vilevile. Maambukizi ya gego la chini yanaweza kushuka shingoni na kuziba njia ya hewa. Mtu mwenye jino bovu ambaye shavu au shingo imevimba, ana homa, hawezi kufungua kinywa au anapata shida kumeza, anahitaji kufika hospitali siku hiyo hiyo.

Uhusiano na Afrika ya Mashariki

Fauchard hakuwahi kufika Afrika ya Mashariki, lakini baadhi ya vitu alivyotumia vina historia katika eneo hili. Wakati wake karafuu zilitoka visiwa vya Maluku, vilivyoshikwa na Waholanzi. Kuanzia mwaka 1770 Wafaransa walifaulu kuotesha miche ya mikarafuu katika kisiwa cha Morisi, na kutoka visiwa vya Bahari ya Hindi zao hilo lilifika Zanzibar mwanzoni mwa karne ya 19. Unguja na Pemba zikawa wazalishaji wakuu wa karafuu duniani. Mafuta ya karafuu bado hutumiwa kutuliza maumivu ya jino, na kiambato chake kikuu, yujenoli, humo katika baadhi ya dawa za kuzibia meno kwa muda. Hata hivyo mafuta hayo hutuliza tu, hayaponyi jino lililooza.

Desturi za kushughulikia meno zilikuwepo Afrika ya Mashariki kabla ya hospitali. Makabila kadhaa yalichonga meno ya mbele kuwa alama ya utu na urembo. Katika mkoa wa Mara, Julius Nyerere, aliyezaliwa Butiama mwaka 1922, alichongwa meno ya mbele ya juu kwa desturi ya Wazanaki. Fauchard naye alitumia tupa kwenye meno, ingawa kwa lengo la tiba.

Desturi nyingine imeleta madhara. Katika sehemu mbalimbali za Tanzania na nchi jirani, mtoto mchanga anayeharisha au kuwa na homa hudhaniwa kuwa na meno ya nailoni, na chipukizi za meno ya chonge hukwanguliwa kutoka kwenye fizi kwa kifaa kisicho safi. Kinachoonekana kuwa jino baya ni jino la kawaida la utotoni ambalo halijatoka. Mtoto anaweza kupoteza damu nyingi au kupata maambukizi, huku ugonjwa wenyewe ukiachwa bila tiba. Barani Ulaya pia, katika karne ya 18, fizi za watoto zilichanjwa kwa fikra kama hiyo kwamba kuota meno ndiko kunakoleta homa.

Nchini Tanzania mafunzo ya shahada ya udaktari wa meno yalianza Muhimbili mwaka 1979, chini ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Katikati ya miaka ya 1980, wakati vijiji vingi havikuwa na umeme, Jo Frencken na wenzake walijaribu Tanzania njia ya kuziba meno bila mashine. Sehemu iliyooza iliondolewa kwa vifaa vya mkono peke yake, na tundu likajazwa kwa saruji ya meno inayoshikamana na jino. Njia hiyo iliendelezwa kwa majaribio Thailand na Zimbabwe miaka ya 1990, na Shirika la Afya Duniani likaanza kuitangaza mwaka 1994. Leo hutumika katika nchi nyingi, kwa watoto na watu wazima. Ingawa dawa za kujazia ni tofauti, kazi yenyewe inafanana na ile ya Fauchard: mkono, kifaa kidogo chenye makali, mwanga wa kutosha na subira.

Katika maeneo ya vijijini tatizo kubwa linabaki kuwa muda. Kwa mkulima wa Bugwema, au wa kijiji cha mbali katika wilaya za Bunda na Butiama, safari ya kumfuata daktari wa meno inaweza kumaanisha nauli na siku nzima ya kazi iliyopotea. Kwa hiyo jino hutulizwa kwa dawa za dukani au kwa karafuu hadi tundu linafika kwenye kiini, na mgonjwa anapofika hospitali hakuna tena cha kuziba. Uamuzi ambao Fauchard aliutaka ufanywe kwa uchunguzi huwa umekwisha kufanywa na kuchelewa. Jino linaloonwa likiwa na doa jeusi au tundu dogo bado lina njia mbili, kubaki au kutoka. Likisubiri hadi shavu livimbe, mara nyingi hubaki njia moja.